Nauli ya treni inanimaliza kila nikimfuata mume wangu London

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 36, kwetu Tanga, nasoma shahada ya uzamivu hapa Birmingham. Mtoto wetu ana miaka 7, anaishi na mimi. Baba yake kazi aliyoipata ni ya ghala, mashariki ya London, akapanga chumba huko huko. Kwa hiyo mara mbili kwa mwezi tunamfuata. Ijumaa namtoa mtoto shule, tunakimbilia stesheni ya New Street, nakata tiketi kwenye mashine, tunapanda treni ya kwanza inayoondoka. Kurudi Jumapili ni hivyo hivyo.

Shangazi, nauli imeanza kula mpaka ile hela niliyokuwa namtumia mama yangu nyumbani. Juzi kijana aliyekaa jirani yetu alinionyesha tiketi yake kwenye simu. Treni ile ile, behewa lile lile, na kalipa chini ya nusu ya nilichotoa mimi. Nikasema na mimi nitakata mapema. Nikakata, siku yenyewe ilipofika msimamizi wangu akarefusha kikao, treni ikaniacha, na tiketi ikafa. Nikanunua nyingine kwa bei ya mashine. Tangu siku hiyo sithubutu.

Hapa mtaani kuna dada mmoja anayesafiri kwa bei ya chini sana. Yeye anakata tiketi fupi ya kumpitisha geti la hapa Birmingham, na nyingine fupi ya kumtolea geti la London. Katikati, anasema, mkaguzi akija unajifanya umelala. Nilipositasita akaniambia hiyo inaitwa kugawa tiketi, ni halali kabisa, hata intaneti imejaa maelezo yake. Kweli nilipotafuta nikakuta watu wanaisifia.

Mume wangu naye anasema napenda raha, watu wanapanda basi. Mtoto basi linamchafua, njia nzima ni kushika mifuko. Tumeanza kuwekeana maneno, na nimefikiria nipunguze safari ziwe moja kwa mwezi. Nifanyeje?

Mama wa mmoja, Birmingham

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Usipunguze safari. Mtoto wa miaka 7 anayemwona baba yake mara mbili kwa mwezi tayari anamwona kidogo. Tupunguze nauli kwanza, na nafasi ya kuipunguza ipo kubwa, kwa sababu wewe umekuwa ukinunua safari hii kwa njia ya gharama kuliko zote: siku ile ile, mashineni, treni yoyote, bila kadi.

Ila nianze na huyo dada wa mtaani, maana yeye atakuingiza pabaya.

Kugawa tiketi ni halali, hapo hakukudanganya. Anachokifanya yeye ndicho kitu kingine. Anayegawa tiketi kihalali anakata, tuseme, Birmingham hadi Rugby, mji ulio katikati ya njia, kisha Rugby hadi London, na tiketi hizo mbili zinashikana: hakuna hata maili moja ya safari isiyolipiwa. Sharti ni kwamba treni unayopanda iwe inasimama Rugby. Si lazima ushuke, unabaki kwenye kiti chako. Wakati mwingine jumla ya vipande viwili inakuwa ndogo kuliko tiketi moja nzima, kwa sababu bei za reli za Uingereza zimepangwa kwa mikono mingi na miaka mingi, hazifuati urefu wa njia. Huyo dada yeye kalipa kichwa na mkia, tumbo zima anasafiri bure. Wakaguzi wanaujua mchezo huo miaka mingi, na siku hizi tiketi zikiwa za simu, historia ya manunuzi yako yote inasomeka. Ukikamatwa leo hawaishii safari ya leo, wanakuuliza na za nyuma.

Na adhabu si ndogo. Ukikutwa England huna tiketi sahihi, faini ya papo kwa papo ni pauni 100 juu ya nauli yenyewe, inashuka hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21. Hiyo ni kwa aliyekosea. Wakiona ulikusudia kukwepa, kampuni inaweza kukupeleka mahakamani kwa sheria ya reli ya mwaka 1889, na hapo unatoka na rekodi ya jinai. Wewe uko hapa kwa viza, mwanangu. Fomu za viza zinauliza habari za hukumu na makosa. Shahada ya miaka minne kuiweka rehani kwa nauli ya treni? Mwache alale peke yake.

Sasa tuje kwenye hela.

Kitu cha kwanza ni kadi ya punguzo, Railcard. Ziko za aina nyingi, nyingi zinauzwa pauni 35 kwa mwaka, na wewe unazifaa mbili. Watu wengi wa umri wako hawajui kwamba kadi ya 16-25 si ya vijana peke yao: ukiwa mwanafunzi wa muda wote unaipata hata ukiwa na miaka 50, mradi chuo kithibitishe masomo yako. Inakupunguzia theluthi moja ya nauli. Ubaya wake ni kwamba mtoto haimhusu, na asubuhi za siku za kazi kabla ya saa nne ina kima cha chini cha pauni 12, isipokuwa Julai na Agosti.

Inayokufaa zaidi ni ile inayoitwa Family & Friends. Mtu mzima anapunguziwa theluthi, na mtoto wa miaka 5 hadi 15 anapunguziwa asilimia 60 ya nauli ya mtu mzima. Wenye kadi wanaweza kuandikwa wawili, kwa hiyo mwandikishe na baba yake, naye siku akimchukua mtoto peke yake itamfaa. Kadi moja inabeba hadi watu wazima wanne na watoto wanne, ila lazima mtoto awepo safarini. Ukisafiri peke yako haifanyi kazi, na ukiitumia hivyo unahesabiwa huna tiketi sahihi.

Tufanye hesabu kwa bei ya mfano. Tuseme kwenda na kurudi mtu mzima ni pauni 60. Sasa hivi unalipa 60 yako na 30 ya mtoto, jumla 90. Ukiwa na kadi ya mwanafunzi utalipa 40 na mtoto 30, jumla 70. Ukiwa na ya familia ni 40 na 24, jumla 64. Kila safari umeokoa 26, na kadi imejilipa kabla safari ya pili haijaisha. Kama unakwenda pia kwenye mikutano ya kitaaluma peke yako, miji mingine, basi hata kununua zote mbili si ujinga.

Kadi ya simu ina ugonjwa mmoja: betri. Mkaguzi akifika na simu imezima, kwake huna kadi. Mtoto wa miaka 7 na simu ya mama yake ndani ya treni kwa saa mbili, unajua mwisho wake. Beba chaja.

Kitu cha pili: umekuwa unapanda treni ya kwanza inayoondoka, na mara nyingi hiyo ni ya haraka ya kampuni ya Avanti West Coast, mwendo wa saa moja na kama dakika ishirini mpaka stesheni ya Euston, London. Unalipia mwendo. Kutoka Birmingham kwenda London ziko njia nyingine mbili. Treni ya kampuni ya London Northwestern Railway inaondoka hapo hapo New Street, inapita Coventry, Rugby na Milton Keynes, inaishia Euston ile ile, inachukua saa mbili na zaidi kidogo. Ya kampuni ya Chiltern Railways inaondoka stesheni ya Moor Street, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka New Street, inapita Leamington Spa na Banbury mpaka stesheni ya Marylebone, London, karibu saa mbili. Hizi mbili kwa kawaida bei zake ni za chini, na tofauti yake na treni ya haraka haifiki hata saa moja. Kwa Ijumaa jioni, mtoto ana kitabu chake cha kupaka rangi, sioni haja ya haraka.

Ila soma tiketi. Ya bei ya chini mara nyingi imeandikwa jina la kampuni, na ukiingia nayo treni ya kampuni nyingine ni sawa na huna. Pale New Street treni mbili za kwenda Euston zinaweza kufuatana kwa dakika kumi. Angalia ubao wa majukwaa, jina la kampuni linaandikwa hapo.

Sasa hili la tiketi iliyokufa, maana ndilo lililokuvunja moyo.

Tiketi za bei ya chini kabisa zinaitwa Advance. Zinatolewa hadi kama wiki 12 kabla, zinauzwa kwa mafungu, fungu la bei ndogo likiisha linafuata la bei kubwa. Ndiyo maana yule kijana alilipa nusu yako: hakuwa na ujanja, aliwahi. Sharti lake ni treni moja tu, saa ile iliyoandikwa. Ikikuacha kwa sababu zako, imekwisha. Kabla haijaondoka, lakini, unaruhusiwa kuibadilisha kwa treni nyingine, kwa ada ya kawaida isiyozidi pauni 10 na tofauti ya bei. Kwa hiyo ungemwomba msimamizi dakika mbili, ukabadilisha kwenye simu chini ya meza, usingenunua upya. Na usishuke njiani na tiketi ya Advance hata kama ni stesheni iliyo karibu na unakokwenda, haikuruhusu.

Ushauri wangu kwako usikate Advance pande zote mbili. Ijumaa wewe si bwana wa muda wako, una msimamizi, una shule ya mtoto. Jumapili hakuna anayekushika. Kwa hiyo Jumapili kata Advance, na ukate mapema kadiri uwezavyo. Ijumaa nunua Off-Peak ya njia ya bei ndogo, ambayo inakuruhusu treni yoyote nje ya saa za msongamano, hivyo kikao kikirefuka unapanda inayofuata bila kulipa kitu. Kuna mtego hapo lakini: tiketi nyingi za Off-Peak za kwenda na kurudi zinazidi za kwenda tu kwa pesa ndogo sana, na kipande cha kurudi kwa kawaida kinadumu mwezi mzima. Kwa hiyo kabla ya kulipa, weka kwenye skrini hesabu mbili, Off-Peak ya kwenda na kurudi upande huu, Off-Peak ya kwenda pamoja na Advance ya kurudi upande ule, chagua ndogo. Siku nyingine ya kwanza itashinda.

Kugawa tiketi kihalali fanya baada ya haya yote, ukiwa na nafasi. Ziko programu zinazokutafutia vipande, lakini nyingine zinachukua sehemu ya kile ulichookoa. Jifunze mwenyewe: jaribu Coventry, Rugby, Milton Keynes kwa njia ya Euston, na Leamington Spa au Banbury kwa njia ya Marylebone. Ukishapata kipande kinachofaa, safari yako ni ile ile kila wiki mbili, hutafuti tena. Na nunua kwenye tovuti ya kampuni ya treni yenyewe, yoyote kati ya hizo inauza tiketi za zote, bila ada ya kukatia. Wauzaji wengine wa mtandaoni wanaongeza ada juu ya nauli ile ile.

Utasikia watu wanasema nauli zimeganda. Ni kweli, Novemba 2025 serikali ilitangaza kwamba nauli zinazodhibitiwa England hazitapanda mpaka Machi 2027. Advance haimo humo. Hiyo, kampuni inaipandisha na kuishusha itakavyo, kwa hiyo mazoea yako ya kukata mapema yanakusaidia kuliko tangazo lolote la waziri.

Jambo la Jumapili. Matengenezo ya reli nchi hii yanapenda Jumapili. Unaweza kufika Euston ukaambiwa treni inaishia Milton Keynes, halafu mnapakiwa kwenye basi, na basi ndilo hilo linalomchafua mwanao. Angalia tovuti ya National Rail kabla ya kukata, si asubuhi ya safari. Kama Euston ina kazi, mara nyingi Marylebone haina.

Treni ikichelewa usinyamaze. Kuna utaratibu unaitwa Delay Repay. Kwa kampuni nyingi, ukifika umechelewa dakika 15 unadai robo ya nauli ya upande huo, dakika 30 nusu, saa nzima unadai yote. Hata tiketi ya Advance, hata iliyopunguzwa kwa kadi. Una siku 28 za kudai, fomu ni ya mtandaoni, piga picha ya tiketi kabla hujaitupa. Wasafiri wengi hawadai, wanalalamika tu behewani. Wewe lalamika na udai.

London kwenyewe usimnunulie mtoto chochote. Akiwa na mtu mzima aliyelipa, mtoto wa miaka 5 hadi 10 anapanda treni za chini ya ardhi na mabasi bure. Naona wazazi wengi wageni wanamkatia.

Limebaki la mumeo. Kuhusu basi ana haki kwa nusu. Basi la National Express kutoka Digbeth, hapo Birmingham, mpaka Victoria, London, ni la bei ndogo kuliko treni nyingi, kama saa tatu njiani. Lakini anayetapika ni mtoto, yeye hatapiki. Sasa mwulize kwa upole, jioni mkiwa mmeshakula: kwa nini kila mara ni ninyi wawili mnaomfuata yeye mmoja? Nauli ya mtu mzima mmoja bila mtoto ni ndogo kuliko ya mama na mtoto, na yeye basi halimdhuru. Mara moja kwa mwezi ninyi mwende kwa treni na kadi yenu, mara moja yeye aje kwa hilo basi analolisifu. Zamu zake za ghala najua zina taabu yake, wikendi nyingine hatapata. Zile atakazopata aje. Usimwambie hii ni hesabu ya nani anapenda raha, weka karatasi mezani, bei za pande zote mbili, muone pamoja. Wanaume wengi maneno wanayakataa, namba wanazikubali.

Hela itakayobaki irudi Tanga kwa mama kama ilivyokuwa.

Kadi ya familia inanunuliwa kwenye simu na kuanza kutumika muda mfupi baadaye. Ile ya mwanafunzi inahitaji uthibitisho wa chuo, hiyo itangoja. Kwa hiyo kama ni Ijumaa hii mnakwenda, nunua ya familia leo usiku, kisha ndiyo ukate tiketi, maana punguzo la kadi uliyoinunua baada ya tiketi hawakurudishii.